Pasheni Yangu Ilikauka Subukia

Mwaka juzi niliitwa kwenye mahojiano ya kazi hapa Nakuru. Ilikuwa kazi ya kuhariri taarifa za shirika fulani, mshahara wa kueleweka, ofisi orofa ya tatu yenye dirisha linalotazama ziwa. Nilijibu vizuri mpaka binti mmoja aliyeketi pembeni, ambaye muda wote alikuwa akiandika tu, alipoinua uso na kuniuliza, "Na pasheni yako ni nini?"

Nikanyamaza. Kilichonijia akilini ni nusu ekari ya mikarakara iliyokauka juu ya nyaya kule Subukia, pamoja na mkopo wa chama ambao ulikuwa haujaisha. Nikacheka. Nilicheka peke yangu mbele ya watu wanne wenye suti.

"Ilikauka," nikasema.

Kazi sikuipata. Na kwa wasiokaa huku kwetu, labda nieleze kicheko kilitoka wapi. Karakara ni neno la vitabu vya shule. Muuzaji wa soko la Wakulima atakuambia pasheni, tena akikupenda atakuchagulia zenye mikunjo, kwa sababu iliyokunjamana ndiyo tamu. Kwa hiyo mtu wa Nakuru akitaja pasheni, ngoja kidogo ujue kama anazungumzia tunda au moyo.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Akaacha kukata sukuma wiki. "Baba, si ungesema tu kuandika? Hata mtoto anajua."

Labda. Lakini mimi nilikuwa nimeshawahi kuitaja pasheni yangu hadharani mara mbili, kwa sauti na kwa uhakika, na mara zote mbili nilikuwa ninasema uongo bila kujua.

Mara ya kwanza ilikuwa kware. Wa rika langu wanakumbuka. Kati ya 2013 na 2014 nchi hii ilipagawa na ndege mdogo anayeweza kutoshea kiganjani. Mayai yake yalisemekana kutibu kisukari, pumu, shinikizo la damu na chochote ulichokuwa nacho. Kumfuga kulihitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, na watu walipanga foleni kukitafuta. Nilinunua kware sitini kwa mtu wa Lanet, nikawajengea kizimba nyuma ya nyumba ya kupanga, mwenye nyumba akinung'unika. Ndani ya matatu nilikuwa ninawafundisha abiria nisiowajua faida za kware. Yai la kwanza niliuza shilingi 70. La mwisho tulilila wenyewe, pamoja na aliyelitaga.

Ningeulizwa wakati ule, ningeapa kwamba kware ni pasheni yangu. Kumbe ilikuwa hamasa. Hamasa ni moto unaowashiwa na mtu mwingine, ndiyo maana tuna kuhamasisha, kuhamasishwa, na mikutano ya uhamasishaji yenye soda na mandazi. Lugha haikutupa neno "kushaukisha". Nadhani ilijua ilichokuwa ikifanya.

Mara ya pili ndiyo iliyonigharimu. Mwaka 2016 nilihudhuria semina ya kilimo katika hoteli moja mjini. Palikuwa na projekta. Mtoa mada alionyesha idadi ya miche kwa ekari, akazidisha kwa kilo za kila mche, akazidisha kwa bei ya kilo, akazidisha kwa misimu. Alikuwa hodari wa kuzidisha. Kutoa hakukuwemo katika hesabu zake. Nilitoka pale nikiwa tajiri kichwani. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nimechukua mkopo, nimekodi nusu ekari Subukia, nimenunua nguzo, nyaya na miche.

Wiki tatu baada ya yale mahojiano, mke wangu alinikuta saa saba usiku nimefungua kamusi mbili mezani. Akauliza nani amenituma. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimegundua jambo dogo kuhusu kitenzi "kata" na lilikuwa limenikosesha usingizi.

Tazama. Mtu hukata kiu kwa kunywa. Hukata hamu kwa kupata kile alichokuwa akikitamani: umekaa Mombasa mwaka mzima, unarudi Kisumu, unakula samaki wa kukaanga na ugali pale ufukweni, hamu imekatika. Inaweza kurudi kesho, lakini leo imekwisha. Tamaa nayo hukatwa, ila kwa njia ya kinyume: anayekata tamaa ni yule aliyekosa. Neno hilo tunalitukana bure. Tunasema tamaa mbele, mauti nyuma, tukasahau kwamba mtu aliyekata tamaa kabisa tunamhofia usiku asijidhuru. Tamaa ni uchoyo na ni tumaini kwa pamoja, na mkulima anayeingia shambani bila chembe ya tamaa huyo anatembea tu.

Lakini shauku? Sijasikia mtu akisema amekata shauku. Mtu hujaa shauku, huwa na shauku, shauku humzidi. Neno limetoka kwenye Kiarabu, ambako linataja kumtamani aliye mbali. Hata ukipata, kuna kitu kinabaki mbali.

Kwa kipimo hicho, nilichokuwa nacho Subukia kilikuwa hamasa iliyochanganywa na tamaa, nusu kwa nusu. Nilikuwa ninaenda shambani Jumamosi, nafika saa sita mchana nikiwa na kofia mpya na viatu vya mpira, nazunguka, nahesabu matunda, napiga hesabu kwenye simu, naondoka na matatu ya saa tisa.

Baadaye ikaja ari, nayo si mchezo. Miche ilipoanza kunyauka, binamu yangu alicheka mbele ya jamaa kwenye arusi, akasema mwandishi arudi kwenye kalamu yake. Nikanunua miche mingine 80 wiki hiyohiyo. Sikuipenda mikarakara zaidi ya nilivyoipenda juzi yake. Nilitaka tu binamu aone. Katika Kiarabu neno lililozaa ari lina maana ya aibu, fedheha, na ukichunguza utaona bado linanuka hivyo: mwenye ari anakimbia kitu kilicho nyuma yake. Inaweza kumfikisha mtu mbali sana, sikatai. Shule zetu za bweni zimejengwa juu yake. Lakini lazima pawe na mtu wa kutazama. Binamu alipata uhamisho kwenda Mombasa, na mimi nikaacha kupalilia.

Sasa nimfikie kijana.

Niliyemwajiri alitoka upande wa Bungoma, amemaliza kidato cha nne, na hakuwa na shauku yoyote na mimea. Alitaka pesa za mafunzo ya udereva. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa ninamkuta chini ya mti anacheza na simu. Halafu mimea ikaanza kufa, na jambo la ajabu likatokea: mimi niliyekuwa na semina na mkopo nikaanza kuchoka, na yeye aliyekuwa analipwa kwa mwezi akaanza kuamka.

Nilijua kwa maswali yake. "Bosi, mbona mstari wa chini unanyauka na wa juu bado?" Sikujua. "Bosi, hii iliyojiotea kwenye ua, ya matunda ya manjano, imekaa katikati ya zilizokufa na haina neno. Kwa nini?" Sikujua. Mwenyewe alienda kuuliza kwa mwenye kitalu mmoja barabarani, akarudi na daftari. Mnyauko ule huletwa na kuvu inayoishi ardhini na kuingilia mizizini. Pasheni ya zambarau haina kinga nayo. Ya manjano huistahimili. Basi wenye ujuzi huchukua kitawi cha zambarau wakakipandikiza juu ya shina la manjano, mizizi ya mmoja na matunda ya mwingine. Semina haikuwa imelitaja jambo hilo. Nilikuwa nimeuziwa miche isiyopandikizwa, kwa bei ya iliyopandikizwa.

Akaanza kujifunza kupandikiza kwa kisu cha kukatia mboga. Alikata vibaya, vitawi vikakauka, akakata tena. Nilikuta vikopo vya maziwa vimepangwa chini ya kivuli, kila kimoja na namba yake, na kwenye daftari maandishi ya tarehe, hali ya hewa, pembe ya mkato. Kumi vilikufa, viwili vikashika. Hakuna aliyemwambia afanye. Nilimwambia, kwa kweli, kwamba anapoteza muda wa palizi.

Siku moja alinizuia pale hadi usiku ukaingia, akanisihi nilale kibandani ili nione kitu asubuhi. Nililala vibaya. Alfajiri akaniongoza hadi kwenye nyaya. Maua ya ile pasheni ya zambarau yalikuwa yanafunguka, meupe yenye duara la nyuzi nyuzi, yananukia, na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao walikuwa tayari wanapita moja hadi jingine wakiwa wamebeba chavua mgongoni. "Haya hufunga kabla ya mchana kuingia," akasema. "Yale ya manjano ndiyo kwanza hufunguka mchana. Bosi, unafikiri wanajuaje saa?"

Miaka miwili nilikuwa mwenye shamba lile na sikuwahi kuona ua limefunguka. Nilikuwa ninafika saa sita. Wazee walisema ukipenda boga, penda na ua lake, na mimi ua sikuwa hata nimekutana nalo.

Ua lenyewe ndilo lililoleta jina. Mapadri wa Kihispania waliofika Amerika Kusini, ambako mmea huu ni wa asili, walitazama ndani yake wakaona mateso ya Yesu: zile nyuzi wakaziita taji la miiba, vile vichwa vitatu vya katikati ni misumari, vitano vinavyovizunguka ni madonda, na petali na sepali kumi ni mitume, ukiwaondoa Yuda aliyesaliti na Petro aliyekana. Katika Kilatini passio ni mateso, jambo linalokupata ukalistahimili, na Wazungu wakatoa hapo jina la tunda na jina la hisia. Juu ya mlima palepale Subukia kuna kituo cha kitaifa cha hija cha Wakatoliki. Nilikuwa ninapishana na mahujaji wenye rozari njiani, wao wanapanda kukumbuka mateso, mimi nimebeba gunia la mbolea kuyaendea ya kwangu.

Hapo ndipo wengi wanaohubiri habari hizi huishia: pasheni maana yake kuteseka, kwa hiyo tafuta kile uko tayari kutesekea. Inavutia, na mimi siikubali. Nimeteseka vya kutosha kwa ajili ya karakara. Nimekatwa mshahara, nimenuniwa na wanachama, nimelala bila usingizi. Mkopo pia hutesa. Mateso yangu hayakuonyesha chochote isipokuwa kwamba nilitia sahihi bila kusoma.

Tofauti kati yangu na yule kijana haikuwa nani ameumia zaidi. Mimi nilikuwa na majibu, yeye alikuwa na maswali. Ungeniuliza lolote kuhusu pasheni mwaka ule ningekujibu papo hapo: bei, soko, faida. Yeye kila alichojibu kilimzalia vingine viwili.

Tangu hapo nimekuwa nikikiona kitu hicho kila mahali. Julius Yego, aliyezaliwa Nandi mwaka 1989, alirusha mkuki katika nchi inayojua kukimbia tu. Hakuwa na kocha wa mkuki, basi akaingia saiba akawatazama kwenye YouTube mabingwa wa mkuki Jan Železný na Andreas Thorkildsen, anarudisha video nyuma, anarudi uwanjani kujaribu. Tarehe 26 Agosti 2015 kule Beijing alirusha mita 92.72, akawa Mkenya wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika mchezo wa uwanjani usiokuwa wa mbio. Watu husimulia habari hiyo kama habari ya bidii. Bidii ipo, lakini bidii ya kurusha mkuki mtu angeweza kulazimishwa. Ile ya kurudisha video nyuma kumtazama kisigino cha mtu, hiyo hulazimishwi.

Au chukua Hyrax Hill, hapa hapa mjini, ninapopenda kukaa Jumapili alasiri karibu na lile bao lililochongwa juu ya jiwe. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba kilima hicho mwaka 1937 na 1938. Alikuwa tayari ameshafika Olduvai, Tanzania, mwaka 1935. Fuvu la zamadamu lililowapa umaarufu yeye na mumewe Louis aliliona huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mume alikuwa amelala kambini na homa, naye ametoka na mbwa wake. Miaka 24 tangu siku ya kwanza. Hamasa haidumu miezi 24. Na katikati ya miaka hiyo hakuwa ameketi akilingoja fuvu. Alikuwa anapanga vipande vya mawe, anavichora, anauliza kiganja gani kilishika hiki.

Nilidhani nimepata kanuni, mpaka nikaenda Kisumu kwa dada yangu.

Shemeji yangu anaishi Kondele na ni shabiki wa Gor Mahia. Kama kuna mtu wa kumtolea mfano wa jazba, ni yeye. Akipandwa na jazba siku ya debi ya Mashemeji, wakicheza na AFC Leopards, dada huondoa vikombe vya udongo mezani. Nikamwambia, kwa ule ujuaji wangu mpya, kwamba ushabiki si shauku: ni hamasa ya umati, mpira ukiisha imekwisha, na mtu hana swali lolote, ana timu tu.

Hakukasirika. Akanyamaza, akamimina chai. "Shemeji, 1987 nilikuwa darasa la sita. Mabao mawili kwa mawili kule Tunis, moja kwa moja Nairobi, tukachukua kombe la Afrika kwa bao la ugenini. Redio ilikuwa ya jirani. Halafu tukachukua ligi 1995. Halafu tena lini?"

Nilijua, kila mtu anajua. 2013.

"Miaka kumi na minane," akasema. "Unafikiri nilikuwa ninaenda uwanjani kufuata umati gani? Kuna siku tulikuwa watu mia mbili na mvua." Kisha akanieleza kwa muda wa nusu saa ni kwa nini kiungo fulani wa miaka ile ya njaa alikuwa anapokea mpira akiwa amegeuza bega upande mmoja, na jinsi yeye, shemeji, alivyochukua misimu miwili kutambua sababu. Alisimama kuonyesha. Akaniinua na mimi nikawa beki.

Kwa hiyo kanuni yangu ina tundu, au pengine niliitumia vibaya, kwa kuangalia jina la shughuli badala ya kumwangalia mtu. Ndani ya uwanja uleule, wakiimba wimbo uleule, anakaa mwenye jazba karibu na mwenye shauku, na ukiwa juu jukwaani huwezi kuwatenga. Ngoja timu ishuke. Ngoja mvua.

Uraibu ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu nao haukatiki. Mwanasaikolojia wa Kanada, Robert Vallerand, pamoja na wenzake, walipendekeza mwaka 2003 kwamba pasheni ni ya aina mbili: ile inayokaa kwa amani na mambo mengine ya maisha yako, na ile inayokushika wewe badala ya wewe kuishika. Mwingine, Mmarekani Kent Berridge, ameonyesha kwamba katika ubongo kutaka kitu na kukifurahia ni kazi mbili tofauti. Moja inaweza kupanda huku nyingine ikishuka. Ukitaka kuyaona hayo bila maabara, simama karibu na vijana wanaobeti kwa simu hapa stejini jioni. Kutaka kumejaa usoni. Raha sijaiona. Mwenye shauku akikatizwa hukasirika pia, nakubali, muulize mke wangu na zile kamusi. Ila akirudi kwenye meza anakuwa na sura ya mtu aliyerudi nyumbani.

Shamba nililiachia 2018. Matunda yaliyokuwa yamebaki yakaanza kuwa madogo, magumu kama kuni, ganda nene, ndani hamna kitu. Hiyo ni virusi, huenezwa na vidukari na pia na kisu kisichosafishwa, na haina dawa. Hung'olewa ikachomwa. Kijana alipendekeza nichovye kisu kwenye jiki kati ya mti na mti, nilikuwa nimechelewa. Tulichoma siku nzima. Moshi wake hauna harufu ya tunda.

Udereva hakuusomea. Sasa ana kitalu chake kwao, kando ya barabara, anauza miche iliyopandikizwa. Hatajiriki, akipiga simu hulalamikia maji na madeni ya wateja kama mfanyabiashara yeyote. Lakini hajawahi kukata simu bila kuniuliza kitu, ingawa anajua fika mimi sijui.

Wiki iliyopita alinitumia picha mbili kwenye WhatsApp, saa kumi na mbili na dakika chache asubuhi. Majani mawili, shina moja, mche mmoja, lakini moja lina madoa na jingine ni safi. "Bosi, unaonaje?"

Nilikuwa ninaelekea kazini. Nikasimama chini ya mjakaranda, nikaikuza picha kwa vidole viwili, nikaitazama mpaka matatu yangu ikaondoka. Nikamwandikia, "Upande wa chini wa jani ukoje?"

"Ngoja nigeuze," akajibu.